Kubadilisha sili za valvu kwa Toyota 4A-FE na 5A-FE, hedi ikiwa chini

Juzi tumemaliza 5A-FE ya jamaa mmoja wa Kariobangi, Corolla 110, na maswali aliyokuwa akiuliza ndio yale yale kila mtu huniuliza, kwa hivyo wacha niyaandike hapa. Hii ni ya mtu anafungua injini yote. Kubadilisha sili (zile raba ndogo zinazozuia oili isipite pembeni ya valvu) hedi (kichwa cha injini) ikiwa bado kwa gari ni stori ingine.

Kwanza jua kama shida ni sili. Ukiwasha asubuhi inatoa moshi wa bluu alafu unaisha, ama umeteremka hadi Mai Mahiu na mguu hujakanyaga mafuta, ukifika chini ukikanyaga inamwaga wingu la bluu, hapo ni sili ama gaidi za valvu (zile bomba fupi ambazo valvu hupita ndani). Kwa mteremko throtali (mlango wa hewa) imefungwa, injini inataka hewa haipati, sasa inanyonya oili kupitia pembeni ya valvu. Lakini kama inatoa moshi muda wote ukipanda mlima, angalia ringi za pistoni pia.

Hatua ya 1: Toa hedi

Hii unaijua. Ile kemshafti (shafti inayosukuma valvu) inayozungushwa na gia badala ya belti ina gia mbili zimebanana na springi katikati, weka bolti ya milimita 6 kwa kile kishimo chake kabla hujaitoa. Tapeti (vikombe vilivyo juu ya valvu) na shimu zake (visahani vya kurekebisha nafasi) panga kwa trei ya mayai, andika namba, zisichanganyike.

Hatua ya 2: Toa valvu

Tumia kompresa ya springi yenye mdomo mwembamba unaoingia ndani ya shimo la tapeti. Najua kuna mafundi wanaweka soketi juu ya springi wanagonga na nyundo hadi loki (vile vipande vidogo vinavyoshika springi kwa valvu) ziruke, na ni kweli zinaruka, moja inaingia mfereji wa oili na nyingine huioni tena. Kompresa unaeza hata kuazima.

Valvu ikikataa kushuka usiigonge. Papasa kichwa chake cha juu, mara nyingi kimepanuka kidogo ama kina makali kwa mfereji wa loki. Piga jiwe la kunoa taratibu hadi iteleze yenyewe.

Hatua ya 3: Gaidi

Safisha valvu, irudishe, iinue kama sentimita moja na uitikise. Ikicheza sana peleka hedi kwa mashine Industrial Area wabadilishe gaidi, ju sili mpya kwa gaidi iliyoisha ni pesa ya bure. Kukata siti (pale valvu inapokaa ikijifunga) na kusaga valvu kwa pesti kunamalizwa KABLA ya sili mpya, alafu osha hedi yote hadi ndani ya gaidi. Pesti ikibaki humo itakula sili.

Hatua ya 4: Kununua

Nenda Kirinyaga Road, Nairobi, unahitaji sili 16. Zile zinakuja ndani ya seti ya gasketi ya bei rahisi mimi huzitupa. Uliza za mpira wa Viton, zinavumilia joto karibu 200°C, zile za mpira wa naitraili zinaanza kukauka hata kwa 120°C. Rangi pekee haikuambii ni gani. Kampuni ya NOK nikiipata ya ukweli sihangaiki tena.

Hatua ya 5: Kuweka sili

Hapa ndio watu hupoteza siku nzima.

Kabla ya kubonyeza chochote, chukua sili ya zamani uone kama wosha ya chini ya springi inapita juu yake. Kuna injini inapita na kuna injini haipiti, na kama haipiti wosha inatangulia, la sivyo utang'oa sili mpya, na sili iking'olewa usiirudishe. Angalia pia seti yako, mara nyingi za inteki (hewa inapoingia) na za egzosti (moshi unapotoka) ni rangi tofauti na hazibadilishani.

Vitabu vinasema weka sili kwanza alafu ingiza valvu kutoka chini. Mimi siipendi hiyo, mfereji wa loki unapita kwa mdomo wa mpira bila kinga, na huwezi kuufunika ju kati ya valvu na gaidi hakuna nafasi hata ya selotepu. Mimi huingiza valvu kwanza ikiwa na oili, naweka kitambaa kilichokunjwa chini isianguke, nafunika mfereji na selotepu raundi moja, napaka oili, ndio nateremsha sili kwa vidole. Natoa selotepu, alafu nasukuma na soketi ndefu inayogusa ukingo wa chuma peke yake. Mkono unatosha, ama kugonga kidogo sana, ukisikia sauti imebadilika umefika, acha. Ukiendelea unaikunja. Ikikaa, valvu isitoke tena, maana ikitoka ule mfereji unapita kwa mpira na kazi yote imeharibika.

Zikikaa zote 16 chungulia kwa upande. Yenye iko juu kuliko wenzake haijafika, na kila moja iwe na kaspringi kake ka duara.

Hatua ya 6: Kufunga

Loki zishike na grisi. Ukifunga zote gonga kichwa cha juu cha kila valvu, upande wa springi, na nyundo ya plastiki zikae, na uvae miwani. Pindua hedi, mwaga petroli kwa mashimo ya inteki na egzosti, mbali na moto, kama inavuja upande wa pistoni hiyo valvu haijakaa.

Baadaye pima nafasi ya tapeti injini ikiwa baridi: inteki 0.15 hadi 0.25 mm, ya egzosti huwa kubwa kidogo, fuata kitabu cha injini yako. Ukisaga siti nafasi inapungua, kwa hivyo weka pesa ya shimu kando. Ukiwasha mara ya kwanza itatoa moshi kiasi, ni oili iliyobaki kwa egzosti, wacha ipate moto kabisa ndio uanze kuhukumu.