Nywele zinanyonyoka: dawa gani, kwa muda gani, na lini ufikirie kupandikiza

Kupandikiza nywele ni kuhamisha. Nywele zinatolewa kisogoni na kupandwa kwenye komwe au utosini. Hakuna hata moja inayoongezeka, na kilichonyonyoa zile za mwanzo kinabaki palepale kikiendelea na kazi yake. Kwa hiyo, kabla ya kupiga hesabu ya tiketi ya ndege, jibu swali moja: mnyonyoko wako umetulia, au bado unatembea? Anayepandikiza wakati bado unatembea huishia na kisiwa cha nywele mbele na uwanja mtupu nyuma yake, huku akiba ya kisogoni imeshaliwa.

Jiangalie kwanza

Kaa karibu na dirisha saa nne asubuhi, kichwa kikiwa kikavu, hakina mafuta, na hakijaoshwa tangu jana. Mtu akupige picha kwa simu: mbele, pande zote mbili, utosi na kisogo. Rudieni kila mwezi, dirisha lile lile, umbali ule ule. Kioo cha kila siku hakikuonyeshi mabadiliko, picha za miezi sita zinakuonyesha.

Kisha kuzeni picha ya sehemu iliyopwaya. Mkiona vitundu vidogo vya vinyweleo, hata kama vimebeba nywele nyembamba kama manyoya ya kifaranga, bado kuna cha kuokoa. Mkiona ngozi imelainika na inang'aa kama kisahani cha chai, haina kitundu hata kimoja, pale pameshakuwa kovu. Dawa ya kupaka haiwezi kuotesha nywele kwenye kovu, iwe ya elfu tano au ya laki mbili.

Jaribio la pili: shika fungu la nywele kama 50 au 60 karibu na ngozi, vuta taratibu mpaka nchani. Zikibaki mkononi zaidi ya sita, kuna mnyonyoko unaoendelea. Ziangalie mwisho wake. Zenye kitone cheupe zimetoka na mzizi. Zisizo na kitone zimekatika tu, na hilo ni tatizo la shina: dawa ya kulainisha nywele, pasi ya moto, ukavu. Watu wengi wa Dodoma huwatupia lawama maji ya visima na upepo wa kiangazi. Ni kweli maji yenye chumvi nyingi na hewa kavu hufanya nywele ziwe ngumu na zikatike, lakini havileti kipara.

Ni mnyonyoko wa aina gani?

Upara wa kurithi kwa mwanaume huanza pembeni mwa komwe au utosini, kisogo kinabaki kimejaa. Kwa mwanamke, mstari wa katikati unapanuka polepole huku nywele za mbele zikibaki. Hurithiwa kutoka pande zote mbili za ukoo, si kwa wajomba peke yao.

Kingo za mbele na juu ya masikio zikiisha kwa anayesukwa kila wiki mbili, sababu ni kuvutwa. Mara nyingi hubaki kaukingo kembamba ka nywele fupi mbele ya sehemu iliyonyonyoka. Ukikaona, karibu umeshapata jibu. Ikigunduliwa mapema inarudi yenyewe. Ikivutwa miaka na miaka, inageuka kovu.

Kuna mnyonyoko mwingine wa wanawake weusi ambao saluni huuita "kukatika utosini" na kuupaka mafuta ya nyonyo mpaka unachelewa. Unaanzia katikati ya utosi, unatanuka kama duara, na mara nyingi kuna kuwasha, kuungua au maumivu ukigusa. Huu unaharibu vinyweleo moja kwa moja. Kila mwezi unaosubiri unapoteza eneo ambalo halitarudi.

Mabaka ya mviringo yaliyotokea ghafla, laini, yasiyo na magamba, ni kinga ya mwili inayoshambulia nywele. Hayo huchomwa sindano za triamsinoloni, dawa ya steroidi, kwenye baka lenyewe. Mtoto mwenye mabaka ya magamba na nywele zilizokatikia usawa wa ngozi ana mapunye. Mapunye hayatibiwi kwa krimu, kwa sababu krimu haifiki kwenye mzizi. Hutibiwa kwa vidonge, kama griseofulvini kwa wiki sita hadi nane, dozi ikipimwa kwa uzito wa mtoto, navyo vinywewe pamoja na chakula chenye mafuta ili viingie mwilini.

Halafu kuna mnyonyoko wa kichwa kizima, miezi miwili hadi mitatu baada ya kujifungua, homa kali, upasuaji au kupungua uzito haraka. Unatisha, mafungu yanabaki kwenye kitana, lakini kwa kawaida huisha wenyewe ndani ya miezi sita. Usimlipe mtu yeyote kwa huu. Pima damu tu.

Daktari na vipimo

Anza kwenye kliniki ya ngozi ya hospitali kubwa iliyo karibu. Ukihitaji kwenda mbali zaidi, KCMC Moshi kuna kituo cha kanda kinachofundisha madaktari wa ngozi. Vipimo vya maana ni vichache: wingi wa damu, akiba ya madini ya chuma (feritini), tezi ya shingo, na kaswende, ambayo hunyonyoa nywele kwa viraka kama nguo iliyoliwa na nondo. Kukiwa na dalili ya kovu, daktari atakata kipande cha ngozi cha milimita 4 kwa ganzi. Kubali. Bila kipande hicho, matibabu ya kovu ni kubahatisha.

Usinunue krimu za kuchanganya zisizo na lebo. Nyingi zina klobetasoli au betamethasoni, steroidi kali, zinatuliza kuwasha wiki mbili, kisha ngozi inakuwa nyembamba, na daktari akija kuangalia dalili zimeshafichwa.

Dawa mbili zenye uzito

Minoksidili (kwenye boksi imeandikwa Minoxidil) ni ya kupaka. Mwanaume: ya asilimia 5, mililita 1 asubuhi na mililita 1 jioni. Chupa ya mililita 60 inakwisha kwa siku 30. Ikikudumu miezi miwili ujue unapaka nusu dozi. Mwanamke: ya asilimia 2 mara mbili kwa siku, au povu la asilimia 5 mara moja. Mjamzito na anayenyonyesha wasitumie.

Inapakwa kwenye ngozi, si kwenye nywele. Chana mistari, dondoshea kwenye mstari, sambaza kwa kidole, nawa mikono. Kichwa kiwe kikavu na hakina mafuta, maana mafuta yakitangulia dawa haipiti. Acha upite muda wa saa nne kabla ya kuosha, na ipake mapema jioni ili ikauke kabla ya kulala, isije ikahamia kwenye mto, kisha usoni, ukaota ndevu usizozitaka. Ngozi ikiwasha na kutoa magamba, mara nyingi mkosaji ni propilini glikoli iliyomo kwenye dawa ya maji. Hamia ya povu. Usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani, na wenye paka wawe waangalifu: hata kiasi kidogo kinaweza kumuua.

Hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa: kati ya wiki ya pili na ya nane, nywele hudondoka zaidi. Dawa inazisukuma zile zilizozeeka zitoke. Ukiacha hapo, umepata hasara bila faida. Pima matokeo kwa picha baada ya miezi minne hadi sita. Ukiisitisha, kilichoota kitaondoka ndani ya miezi michache, kwa hiyo hesabu gharama ya miaka, si ya chupa moja.

Finasteraidi ni kidonge cha miligramu 1 kwa siku, kwa wanaume wenye upara wa kurithi. Marekani iliidhinisha matumizi haya mwaka 1997. Huzuia kutengenezwa kwa homoni inayosinyaza vinyweleo, na hufaa zaidi kulinda zilizopo kuliko kufufua zilizokwenda. Ipe mwaka mzima. Wachache hupungukiwa hamu ya tendo la ndoa au nguvu, na wengine hushuka moyo; ikitokea, acha na umwone daktari. Inashusha kipimo cha damu cha tezi dume (PSA) karibu nusu, kwa hiyo ukienda kupima tezi dume sema kwamba unaitumia, la sivyo majibu yatasomeka vibaya. Wengine hununua vya miligramu 5 na kukata vipande vinne. Inawezekana, ila vumbi lake lisiguswe na mwanamke mjamzito au anayetarajia mimba, kwa sababu linaweza kumdhuru mtoto wa kiume tumboni. Usichangie damu mpaka mwezi upite tangu kidonge cha mwisho.

Sindano za plazma ya damu yako mwenyewe zinawasaidia baadhi ya watu, lakini ni ghali na matokeo hayatabiriki. Kulipia hizo kabla ya kutumia minoksidili sawasawa kwa miezi sita ni kuanza na paa kabla ya msingi.

Kwa walionyonyoka kwa kusuka, dawa ya kwanza ni kuacha. Msuko unaokulazimu unywe panadol usiku ule, au unaotoa vipele kwenye mistari, umebana mno. Ufumue hata kama umelipia jana. Rasta nzito, gundi ya kubandikia na dawa ya kulainisha visikutane kwenye kichwa kimoja kwa wakati mmoja.

Nani apandikize, nani asubiri

Subiri kama una chini ya miaka 25, kwa kuwa hujui upara utaishia wapi. Subiri kama mabaka ya mviringo bado yanatokea. Mwenye kovu la utosini asipandikizwe mpaka ugonjwa umetulia walau mwaka mmoja, bora miwili, na hata hapo vipandikizi hushika kwa uchache zaidi. Mwanaume mwenye vinundu sugu vya kisogoni baada ya kunyoa atibiwe hivyo kwanza. Na kama kidonda cha sikio ulilotoboa au chanjo ya bega kiliota nyama ikapanda, yaani una asili ya keloidi, mwambie daktari kabla ya jambo lolote. Mara nyingi jibu la busara litakuwa hapana.

Anayefaa ni mwenye kisogo kilichojaa na mnyonyoko uliosimama mwaka mzima kwa ushahidi wa picha. Mwanamke aliyepoteza kingo kwa kusuka na ameacha anafaa sana. Kama hajaacha, atang'oa na zilizopandwa.

Piga hesabu mwenyewe kwa futi ya fundi cherehani. Tuseme eneo la mbele ni sentimita 7 kwa 4, yaani sentimita za mraba 28. Nywele za kipilipili hufunika vizuri, vipandikizi 35 kwa kila sentimita ya mraba vinatosha: 28 mara 35 ni 980. Kisogo cha Mwafrika huwa na mafungu (vishada vidogo vya nywele zinazoota pamoja, kila kimoja ni kipandikizi kimoja) kama 60 kwa sentimita ya mraba, machache kuliko ya Mzungu. Ukanda wa sentimita 1 kwa 20 una kama 1,200. Kliniki inayokuahidi vipandikizi 5,000 kwa siku moja, muulize anavitoa kwenye kisogo cha nani.

Njia ni mbili. FUT hukata ukanda wa ngozi na kuacha mstari wa kovu. Kama kinyozi wako anakunyoa para, mstari utaonekana. FUE hutoboa fungu mojamoja kwa kitobo cha milimita 0.8 hadi 1, na huacha vidoa vidogo. Shida ya FUE kwetu ni kwamba unywele wa kipilipili umepinda hata chini ya ngozi. Kitobo kinaingia moja kwa moja, mzizi umekunja kona, unakatwa na kufa. Ndiyo maana picha za wateja wenye nywele za kunyooka hazikuhusu. Omba matokeo ya miezi 12 ya vichwa vinavyofanana na chako, na uliza kama wanaweza kufanya jaribio dogo kwanza ili kuona mizizi mingapi inatoka mizima na kovu linaponaje.

Maswali mengine ya kuuliza kabla ya kulipa: nani anatoboa, daktari au fundi msaidizi? Siku hiyo wanahudumia wagonjwa wangapi? Daktari amesajiliwa na baraza gani? Ukienda Istanbul, Uturuki, ambako wengi huenda, ongeza kwenye bei ya kifurushi nauli, siku za kutokuwa kazini, na dawa utakazoendelea nazo baadaye. Usitegemee bima.

Baada ya kurudi

Kazi huchukua saa sita hadi nane kwa ganzi ya sehemu. Usiku wa kwanza hadi wa tano lala kichwa kikiwa juu, mito miwili au mitatu, maana uvimbe hushukia usoni. Magamba hutoka siku ya 7 hadi ya 10 kwa kuoshwa polepole kwa kumimina maji, si kwa kukwangua. Helmeti ya bodaboda isikanyage kichwa mpaka siku hizo zipite, na jasho la mazoezi lisubiri wiki mbili. Kama unaishi Dodoma na unaweza kuchagua tarehe, usirudi katikati ya miezi ya upepo na vumbi. Vinginevyo vaa kofia pana isiyogusa vipandikizi, kwa ruhusa ya daktari.

Wiki ya pili hadi ya nne nywele zilizopandwa zitadondoka karibu zote. Mzizi umebaki. Zinaanza kuota mwezi wa tatu au wa nne, na sura kamili huonekana mwezi wa 12, utosini hata 18. Usaha, homa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, au ngozi inayogeuka nyeusi na ngumu: nenda hospitali siku hiyohiyo, ukiwa na karatasi ya upasuaji inayoonyesha njia iliyotumika, idadi ya vipandikizi na dawa ulizopewa. Idai karatasi hiyo kabla hujatoka mlangoni mwa kliniki.