Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Namna ya Kuamua na Namna ya Kuishi Nao

Kabla ya kuuliza upasuaji wa kupunguza uzito unagharimu kiasi gani, uliza ni nani atakayekupima damu mwaka wa tano baada ya kufanyiwa. Kwa mtu ambaye magoti yanamuuma leo na sukari imegoma kushuka leo, swali hilo huonekana la mbali mno, lakini ndilo linalowatenga wanaonufaika kwa muda mrefu na wale wanaorudi hospitalini wamepungukiwa damu, wanatapika kila wanachokula, au wamerejea kwenye kilo walizoanza nazo. Mpasuaji humaliza kazi yake kwa saa chache, ilhali tumbo alilolibadilisha litahitaji kuangaliwa maisha yote.

Anza na hesabu. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawe kwa urefu wako wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama mwenye urefu wa mita 1.60 na kilo 102 atapata karibu 40, na hiyo ndiyo namba ambayo madaktari huiita BMI. Mwaka 1991 wataalamu waliokutanishwa na taasisi za taifa za afya za Marekani walipendekeza upasuaji kwa mwenye BMI ya 40 na kuendelea, au 35 ikiwa ana maradhi makubwa yanayoletwa na unene. Mwaka 2022 vyama vya wapasuaji wa fani hii, cha Marekani na cha kimataifa, vilishusha kiwango: kuanzia 35 upasuaji unapendekezwa hata kama mtu hana ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 unaweza kufikiriwa kwa mwenye kisukari cha aina ya pili au maradhi mengine ya namna hiyo.

Namba pekee haitoshi. Daktari anapaswa kwanza kuhakikisha kwamba unene hautokani na tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, wala na dawa kama steroidi zinazotumiwa kwa muda mrefu. Anapaswa pia kujua ulichokwisha kujaribu, zikiwemo sindano za kupunguza uzito kama semaglutide, ambazo huwasaidia watu wengi ingawa uzito huelekea kurudi zinapoachwa. Mwenye ujauzito hafanyiwi, na mwenye tatizo la pombe au msongo mkubwa wa mawazo hutibiwa hilo kwanza. Kwa maoni yangu kuna sharti jingine ambalo halisemwi vya kutosha: ikiwa huna uhakika wa kumudu vidonge vya vitamini na vipimo vya damu kila mwaka, subiri hadi uhakika huo upatikane.

Usichanganye upasuaji huu na kunyonya mafuta. Kunyonya mafuta hubadilisha umbo la kiuno au tumbo kwa nje, na si tiba ya kisukari wala ya unene uliopitiliza.

Kuchagua aina ya upasuaji

Aina mbili ndizo zinazofanywa zaidi duniani, na zote kwa kawaida hufanywa kwa matundu madogo. Ya kwanza ni kupunguza tumbo la chakula kwa kukata na kuondoa takribani asilimia 80 yake, ili libaki kama mrija mwembamba. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotengeneza kiasi kikubwa cha ghrelini, homoni ya njaa, na ndiyo maana wengi hushangaa kuona kwamba katika miezi ya mwanzo hawana hata hamu ya chakula. Upasuaji huu haurudishwi nyuma, na unaweza kuzidisha kiungulia, kwa hiyo mwenye kiungulia kikali amweleze daktari mapema.

Ya pili ni kutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo, chenye ujazo wa takribani mililita 30, sawa na vijiko sita vya chai, kisha kukiunganisha moja kwa moja na utumbo mwembamba ili chakula kiruke sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Njia hii huwafaa zaidi wenye kiungulia na wengi wenye kisukari, lakini hudai nidhamu kubwa zaidi ya vitamini, kwa kuwa sehemu inayorukwa ndiyo inayofyonza madini mengi. Katika utafiti wa hospitali ya Cleveland Clinic uliotoa matokeo ya miaka mitano mwaka 2017, asilimia 29 ya wagonjwa wa kisukari waliofanyiwa njia hii walifikia kiwango cha sukari kilicholengwa, dhidi ya asilimia 23 waliopunguzwa tumbo na asilimia 5 waliotumia dawa peke yake. Zisome namba hizo kwa pande zote mbili: faida ni kubwa, lakini hata hivyo wengi hawakufikia kiwango hicho, na mtu asiahidiwe kwamba ataziaga dawa zote.

Lipo pia puto, ambalo si upasuaji. Huingizwa tumboni kwa kupitia mdomoni, hujazwa maji, na aina nyingi hutolewa baada ya miezi 6. Nchini Tanzania huduma hii inatolewa katika hospitali ya Muhimbili Mloganzila, Dar es Salaam, na watu wengi huifikiria kwanza kwa sababu haina kisu. Inafaa kwa anayehitaji kupungua kwa kiasi, au anayetaka kushusha uzito kabla ya upasuaji mwingine. Asiyebadilisha mlo wakati puto limo tumboni atarudi alikotoka likishatolewa.

Matarajio nayo yapimwe kwa hesabu. Kwa wastani, aliyepunguzwa tumbo hupoteza takribani robo ya uzito wake wote, na aliyefanyiwa njia ya kifuko hupoteza zaidi kidogo, karibu asilimia 30. Yule mama wa kilo 102 huenda akafika kilo 76 au 77, na BMI yake itakuwa karibu 30. Atapanda ngazi bila kuhema na huenda akapunguziwa dawa za shinikizo la damu, lakini hatakuwa mwembamba, na ni heri alijue hilo kabla ya kusaini fomu.

Mahali pa kufanyiwa

Wengi wa Afrika Mashariki hufanyiwa India au Uturuki, na wapo wanaofanyiwa Nairobi na Dar es Salaam. Kusafiri si kosa. Tatizo huanza pale kifurushi kinapojumuisha hoteli, gari la uwanja wa ndege na siku chache za hospitali, halafu mawasiliano yakakatika ndege inapotua nyumbani. Ukiamua kusafiri, tafuta kwanza daktari wa nyumbani aliyekubali kukupokea, na uulize ni siku ngapi unapaswa kukaa kabla ya kupanda ndege, kwa sababu safari ndefu mara baada ya upasuaji huongeza hatari ya damu kuganda miguuni. Muulize mpasuaji amefanya upasuaji wa aina hiyo mara ngapi, wangapi walivuja kwenye mishono ya tumbo, na nani atapokea simu yako usiku. Anayekereka kwa maswali hayo amekwisha kukujibu.

Na jihadhari na vinavyouzwa kama njia rahisi. Mapema mwaka 2023 makumi ya watu waliochomwa sindano za botoksi tumboni huko Istanbul na Izmir ili wapungue walipatwa na botulizimu, yaani sumu inayopoozesha misuli, na baadhi yao walilazwa vyumba vya wagonjwa mahututi.

Kabla ya siku yenyewe utapimwa damu, moyo na, mara nyingi, tumbo kwa mpira wenye kamera, pamoja na kutafuta bakteria wa vidonda vya tumbo ili watibiwe. Sigara iachwe wiki kadhaa kabla, na isirudiwe. Hospitali nyingi humtaka mgonjwa ale mlo wenye kalori chache sana kwa takribani wiki 2, ili ini lenye mafuta lisinyae na kumwachia mpasuaji nafasi. Taja kila dawa unayotumia, zikiwemo za miti shamba, maana baadhi huongeza kutokwa damu.

Miezi ya kwanza

Utatembezwa siku ileile au kesho yake, hata kama hutaki, kwa sababu kutembea huzuia damu kuganda. Katika hospitali zenye uzoefu, vifo ni takribani mmoja kwa kila wagonjwa 1,000. Mapigo ya moyo yakienda mbio bila sababu, ukapata homa, maumivu ya tumbo yanayozidi au maumivu ya bega, kifua kikabana au mguu mmoja ukavimba, nenda hospitali saa hiyohiyo bila kusubiri kliniki ya Jumatatu.

Chakula huanza na maji na supu iliyochujwa, kikafuata vitu laini kama mtindi, kisha vilivyopondwa, na kwa kawaida mnamo mwezi wa pili mtu hurudi kwenye chakula kigumu kiasi. Mlo wa wakati huo ni hivi: kisahani cha chai, kipande cha samaki wa kuchemsha kisichozidi nusu ya kiganja, kijiko kidogo, na dakika 20 za kutafuna bila haraka. Kipande kimoja kilichomezwa kizima hukwama nyuma ya kifua, mate yakajaa mdomoni, na kutapika kukafuata. Kijiko cha mwisho ndicho chenye matata, kwa hiyo dalili ya kwanza ya kushiba, ambayo kwa wengine ni kwikwi au mafua ya ghafla, ndiyo ya kutii.

Protini huliwa kwanza, na lengo la kawaida ni gramu 60 au zaidi kwa siku. Yai moja lina kama gramu 6 na kikombe cha maziwa gramu 8, hivyo utaona kwamba bila samaki, dagaa, kuku, maharage na mtindi hesabu haitimii. Ugali mgumu, chapati na mkate mbichi huwasumbua wengi, maana hugandamana tumboni. Uji ule mtamu wa kuwapa wagonjwa nguvu, pamoja na soda na chai ya sukari nyingi, unaweza kuleta jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha, hasa kwa waliofanyiwa njia ya kifuko. Maji hunywewa kwa mafundo madogo siku nzima, hadi lita moja na nusu au zaidi, lakini si pamoja na chakula: acha nusu saa baada ya kula.

Nywele hukatika kati ya mwezi wa 3 na wa 6, kisha kwa kawaida hurudi. Dawa za kisukari na za shinikizo la damu lazima zipunguzwe na daktari tangu mwanzo, kwani dozi ya zamani inaweza kukuangusha.

Vidonge, dawa na uzazi

Vitamini si za msimu. Utahitaji vitamini mchanganyiko, B12, madini ya chuma, kalisi (kalsiamu) na vitamini D maisha yako yote. Kalisi na chuma vipishane kwa angalau saa 2, na chuma kisimezwe kwa chai. Damu ipimwe mara kadhaa mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka. Usinunue diklofenaki wala ibuprofeni dukani kwa maumivu ya mgongo, kwani zinaweza kuleta vidonda vibaya kwenye maungio mapya. Parasetamoli ndiyo salama zaidi. Pombe nayo hupanda kichwani haraka kuliko zamani.

Wanawake waelewe kwamba uzito ukishuka uwezo wa kushika mimba huongezeka, hata kwa waliokuwa wamekata tamaa. Ujauzito usubiri miezi 12 hadi 18. Kwa kuwa vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vizuri, kijiti au kitanzi ni bora.

Watu wanaokuzunguka

Miongozo mingi huliruka hili, nami naona ndilo linalochosha kuliko vidonge. Kwetu mtu akipungua haraka haulizwi anafanya mazoezi gani. Hunong'onwa kwamba ameathirika, au kwamba ndoa imemshinda. Amua mapema nani atajua ukweli wote, nani ataambiwa tu kwamba una tatizo la tumbo na unafuata masharti ya daktari, na mwenzi wako awe wa kwanza katika kundi la kwanza. Maelezo hayo ya pili si uongo.

Harusini na msibani, kukataa chakula ni kumvunjia heshima aliyepika. Kwenye sinia la pilau, kaa upande wa nyama, chukua kipande kimoja laini, na kitafune taratibu wakati wenzako wanaendelea. Mwenye kula polepole hatazamwi kama asiyekula. Shangazi akisisitiza, omba akufungie uende nacho nyumbani. Kuhusu Ramadhani, madaktari wengi hushauri kutofunga mwaka wa kwanza, kwa sababu maji na protini za siku nzima haziwezi kuingia katika tumbo dogo kati ya magharibi na alfajiri. Zungumza na daktari na shehe wako kabla ya mwezi kuandama.

Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi uzito husimama, na kwa wengi hurudi kilo kadhaa. Zikizidi, rudi kliniki mapema: huenda ni vitafunio vya jioni na juisi, huenda ni tumbo lililopanuka, na sindano za kupunguza uzito zinaweza kutumika pia kwa aliyekwisha kupasuliwa. Ngozi iliyolegea haiondoki kwa mazoezi.

Andaa pia karatasi moja ya kukaa kwenye pochi, na picha yake kwenye simu, iandikwe aina ya upasuaji, tarehe na namba ya mpasuaji. Daktari wa zamu katika hospitali ya wilaya anahitaji kujua kwamba mpira wa puani usisukumwe tumboni bila kuona, kwamba maumivu makali ya tumbo hata miaka mingi baadaye yanaweza kuwa utumbo uliojinyonga, na kwamba mgonjwa aliyetapika kwa siku nyingi apewe vitamini B1 kabla ya dripu ya glukosi, kwa sababu glukosi bila B1 inaweza kumdhuru ubongo.