Kabla hujalipia hosti ya websaiti yako mpya

Hosti yangu ya kwanza, yaani nafasi ya kuweka websaiti kwenye seva (kompyuta inayowaka muda wote), nilinunua shilingi 35,000 kwa mwaka, domeini (jina la websaiti) bure, nikajiona mjanja kinoma. Mwaka ukaisha, invoisi ikaja 140,000. Seva ileile, spidi ileile, kumbe ile 35,000 ilikuwa chambo tu na waliandika kabisa kwenye vigezo na masharti ila nani anasoma yale? Kwa hiyo ukifika kwenye ukurasa wa bei, achana na maandishi makubwa, tafuta bei ya mwaka wa pili, hiyo ndo ulinganishe.

Halafu hili neno "bila kikomo". Hakuna diski isiyo na kikomo, wanakubana kwingine, hasa kwenye inodi, yaani idadi ya mafaili. Kila imeili iliyolala inboksi ni faili, kila kipande cha plagini (programu ndogo ya nyongeza) ni faili, WordPress, ile programu ya kutengenezea websaiti, ikiwa tupu tu inakuja na maelfu, na ukipakia picha moja ya kitenge yenyewe inaikata saizi tofauti tofauti unajikuta una mafaili sita saba. Kuna dada mmoja wa duka la nguo alinipigia imeili haziingii, nikafungua cPanel yake (ukurasa wa kusimamia hosti), diski imetumika robo tu, nashuka chini kidogo inodi ni nyekundu imejaa. Uliza hiyo namba kabla hujatoa hela.

Seva iko wapi nalo uliza. Kama wateja wako wako Dar na Mwanza, data kwenda seva ya Ulaya na kurudi kwa kawaida inachukua milisekunde 150 na zaidi, sio mbaya sana kwa websaiti nyepesi. Unaweza kupima mwenyewe kwa ping (amri ya kompyuta inayopima huo muda), ila websaiti ikiwa nyuma ya Cloudflare, huduma inayokaa mbele ya seva na kujibu kwa niaba yake, usiamini hiyo namba, unapima mlango sio nyumba. Mi kilichonibadilisha akili ni ile Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ikawa ya kubembeleza siku kadhaa. Websaiti iliyohostiwa hapahapa Dar inaweza kumfikia mteja wa Kariakoo bila kugusa bahari, mradi mitandao yao inakutana pale TIX, kituo cha kuunganisha mitandao ya intaneti ya Tanzania. Hosti za ndani mara nyingi ni ghali kidogo, sawa, na kama wateja wako wako Muscat au London hiyo hela usiipoteze.

Domeini sasa, hapa ndo watu wanalia. Usikubali fundi asajili kwa jina lake eti atakukabidhi baadaye, siku mkikosana ameondoka na jina la biashara. Domeini za .tz zina msimamizi wake, za Kenya (.ke) ni KeNIC, lakini unanunua kwa wakala, so hakikisha jina lako na imeili yako wewe ndo vimeandikwa pale, na pasiwedi unayo. Na hiyo imeili isiwe ya domeini hiyohiyo maana ikizima huwezi hata kupokea meseji ya kulipia upya 😅

Cheti cha SSL (kile kinacholeta kufuli na https kwenye anwani) usilipie, cha Let's Encrypt ni bure, kinajisasisha chenyewe hosti ikiwa imekiseti vizuri. Wakikulazimisha kununua, sepa.

Bakapu wanazo ndiyo, ila muulize anayejibu simu: nikitaka kurudisha ya juzi nabonyeza mwenyewe au nalipa? Hata hivyo kila mwisho wa mwezi shusha kopi yako uweke kwenye flashi.

VPS, yaani seva unayoiendesha mwenyewe, achana nayo kwa sasa, utajikuta fundi wa seva wakati ulitaka kuuza vitenge. Chukua hosti ya kushea (seva moja mnagawana wengi, kampuni inaiendesha), lipia mwezi mmoja kama wanaruhusu, halafu Jumamosi saa nne usiku watumie swali la kijinga kwenye sapoti. Wakikujibu Jumatatu mchana, basi mwezi ukiisha hamia kwingine.