Somo: Tairi linashuka upepo kidogo kidogo, tafuta tatizo mpaka mwisho

Habari za leo wakuu. Nataka tuongelee hili jambo ambalo wengi tunaishi nalo kimyakimya: asubuhi unatoka unakuta tairi moja limekaa chini kidogo, unapita sheli unajaza upepo unaenda kwenye mishe zako, baada ya siku mbili tatu limeshuka tena, unajaza tena, mwezi unakatika hivyo hivyo. Mimi nilienda nalo karibu mwezi mzima, tairi la nyuma kushoto la IST. Nawaambia ukweli ni hatari, maana tairi lenye upepo mdogo linajikunja ubavuni kila likizunguka, linapata joto kwa ndani, nyuzi zinachoka na wewe huoni kitu, halafu siku umebeba familia uko spidi 100 ndiyo linapasuka.

Hatua ya 1: Pima kwanza
Pima asubuhi kabla gari halijatembea, tairi likiwa la baridi. Kipimo sahihi kipo kwenye stika, mara nyingi pembeni ya mlango wa dereva, gari ndogo nyingi zinakaa kwenye psi 30 hadi 35. Usifuate ile namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, ile ni kikomo cha juu. Nunua geji yako mwenyewe, za kwenye pampu nyingine zimechoka. Andika namba, pima tena kesho yake saa ile ile. Tairi zima nalo hupoteza psi 1 au 2 kwa mwezi na hiyo ni kawaida, pia baridi ya asubuhi inashusha kidogo, lakini hiyo inashusha yote manne. Likishuka moja peke yake, jua hapo kuna tundu.

Hatua ya 2: Anza na valvu
Hapa ndipo wengi tunaruka. Toa kifuniko, chovya kidole kwenye maji ya sabuni, weka tone juu ya mdomo wa valvu halafu tulia, hesabu hata mpaka 60. Ikiwa inavuja utaona povu dogo linavimba polepole kama jicho la dagaa, linapasuka, linavimba lingine. Kisha sukuma valvu pembeni taratibu uangalie na shina lake pale linapoingia kwenye rimu, raba ikizeeka inapata nyufa.

Hatua ya 3: Kashata (ile sehemu yenye mifereji inayokanyaga barabara) na ubavu
Egesha sehemu tambarare. Sisi wa Mabatini na Igogo tuliojenga mlimani hili ni la kuzingatia sana, shuka chini barabarani, vuta handibreki, weka jiwe kwenye tairi za upande mwingine, mawe Mwanza hayajawahi kuwa shida. Legeza nati kabla hujapiga jeki, toa tairi, changanya sabuni ya unga na maji kwenye chupa, toboa kifuniko vitundu, mwagia tairi lote pole pole. Pitisha macho kila mfereji wa kashata. Ukikuta msumari USIUNG'OE, weka alama ya chaki, lipeleke tairi kwa fundi msumari ukiwa hapo hapo, ukiung'oa upepo wote unatoka.

Langu lilikuwa na msumari, ule mfupi wa mafundi mitumbwi, nadhani niliuokota kule mwaloni Kirumba nilipofuata dagaa. Fundi akaziba, nikashukuru, nikaondoka. Siku nne baadaye limeshuka tena! Kumbe ile pini ya ndani ya valvu nayo ilikuwa na mchanga, haifungi vizuri. Pini mpya ilimaliza kazi, dakika mbili tu. Ndiyo maana nasema ukipata tundu moja usiache, endelea kumwagia sabuni mpaka umezunguka tairi zima.

Hatua ya 4: Ukingo wa rimu
Rimu iliyopinda kwa kugonga shimo, au yenye kutu na vumbi gumu pale inapokutana na tairi, inavujisha upepo hata tairi likiwa jipya. Fundi analitoa tairi, anasugua ukingo mpaka uwe laini, analirudisha.

Hatua ya 5: Kuziba
Ule mkanda wa gundi unaosokomezwa kutoka nje ni wa haraka, unakufikisha. Kiraka cha ndani chenye mguu kama uyoga ndicho cha kudumu, maana kinajaza tundu na kuziba kwa ndani, na fundi akilitoa tairi anaona kama ndani limeshaanza kusagika. Tundu la ubavuni halizibwi, na la kwenye kashata likizidi milimita 6 nunua tairi.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, mimi nina msumari lakini kesho alfajiri naenda Sengerema, nijaze tu niende?
Hapana kaka, funga spea ndiyo uende, na spea nayo ipime upepo leo. Ikiwa ni ile nyembamba usizidi spidi 80. Zamani foleni ya kivuko pale Kigongo ilikupa muda wa kushuka uzunguke gari utazame matairi, sasa hivi daraja unalipita moja kwa moja, kwa hiyo simama Usagara mwenyewe ukague.

Fundi ananiambia tuweke tyubu ndani ya tairi la tyublesi (lisilotumia tyubu) tumalize tatizo, unashauri?
Dada yangu, kataa. Tairi hilo kwa ndani halikutengenezwa kwa ajili ya tyubu, inasuguana, inapata joto, na tyubu ikitoboka upepo unatoka wote kwa mpigo wakati tyublesi ingeshuka taratibu. Tena inaficha tatizo la rimu.

Ile dawa ya kumimina ndani vipi?
Ni ya dharura ikuondoe porini. Ukiitumia mwambie fundi kabla hajafungua, inachafua ndani na kiraka hakishiki mpaka asafishe.

Nimemwagia sabuni mara mbili sioni povu ila linashuka psi 4 kwa wiki
Jaza lifike kiwango kabisa kwanza, tundu dogo halitoi povu kama upepo ni mdogo. Bado halionekani? Peleka kwa fundi mwenye pipa la maji, lizamishwe zima na rimu yake, liachwe dakika kadhaa bila kuguswa. Mwambie aligeuze, kuna ukingo wa upande wa ndani ya gari ambao ukiwa umechuchumaa nyumbani huuoni, na hapo ndipo vingi hujificha.