Laptopi yenye RAM ndogo: namna ya kuizuia isikwame

Wengi wanaoniletea laptopi nafuu yenye RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine) ya GB 2 au GB 4 huanza kwa kuilaumu prosesa. Ni kweli kwamba prosesa za mashine hizo ni dhaifu, lakini udhaifu wake hujionyesha kwa namna nyingine: ukurasa huchelewa kidogo kufunguka, video ya ubora wa juu hukatakata, feni huvuma muda wote. Kule kukwama kwa nusu dakika, kishale kikiwa hakisogei na taa ya diski ikiwaka bila kupumzika, karibu kila mara ni dalili ya RAM iliyojaa. RAM ikijaa, mfumo endeshi huchukua data ambayo haijaguswa kwa muda, huihamishia kwenye eneo la diski liitwalo swapu, kisha huirudisha inapohitajika. Kusoma kitu kilichomo kwenye RAM huchukua takriban nanosekunde 100, ilhali diski ya sahani zinazozunguka huhitaji takriban milisekunde 10 kuifikia data hiyo hiyo, muda ambao ni mara 100,000 zaidi. Ndiyo maana hatua zote zilizo hapa chini zina shabaha mbili tu: RAM isifurike, na ikifurika, ziada iende mahali penye kasi. Nimezipanga kuanzia zile zisizogharimu chochote hadi zile zinazohitaji bisibisi.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kugusa chochote

Kwenye Windows, bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua sehemu ya Performance, kisha uchague Memory. Usitazame asilimia peke yake. Tazama namba mbili zilizo chini ya neno Committed, kwa mfano 5.2/7.4 GB: ya kwanza ni jumla ya kumbukumbu ambayo mfumo umeahidi kuzipa programu, na ya pili ni kikomo cha RAM pamoja na swapu. Ikiwa laptopi ina GB 4 na namba ya kwanza imefika 5.2 huku umefungua vitu vichache tu, basi una deni ambalo diski inalilipa kwa niaba yako.

Kwenye Linux, mfumo endeshi mbadala wa Windows, fungua teminali (dirisha la kuandikia amri) na uandike free -h, kisha usome safu ya available. Safu ya free huwatisha watu bure, kwa sababu Linux hutumia RAM iliyobaki kuhifadhi mafaili yaliyosomwa karibuni na huiachia mara programu inapoihitaji. Baada ya hapo andika vmstat 1, uendelee na kazi zako za kawaida kwa dakika moja, halafu utazame safu za si (data inayorudi kutoka kwenye swapu) na so (data inayopelekwa kwenye swapu). Mstari wa kwanza uupuuze, kwa kuwa ni wastani tangu mashine iwashwe. Iwapo namba za safu hizo mbili zinapanda mara moja moja kisha zinarudi sifuri, hali si mbaya. Iwapo zote mbili ni kubwa mfululizo, mashine inahamisha data huku na huko badala ya kukufanyia kazi.

Andika vipimo hivyo mahali. Utavihitaji baada ya kila hatua, maana hisia za mtu aliyetoka kubadilisha kitu si kipimo cha kuaminika.

Hatua ya 2: Kitiisheni kivinjari

Kwenye laptopi nyingi ninazozifungua, kivinjari hutumia RAM kuliko programu nyingine zote kwa pamoja. Kwenye Chrome, bonyeza Shift+Esc; kwenye Firefox, andika about:processes katika sehemu ya anwani. Utaona kila kichupo na kila kiendelezi (programu ndogo iliyoongezwa kwenye kivinjari) pamoja na kiasi kinachotumia, na mara nyingi utagundua kwamba mhalifu si kichupo ulichokishuku. Kurasa za barua pepe, za mazungumzo na za kuhariri nyaraka ni programu kamili zinazoendelea kufanya kazi hata usipozitazama, na moja tu inaweza kutumia MB mia kadhaa, wakati ukurasa wa makala ya kawaida huhitaji sehemu ndogo ya kiasi hicho.

Anza kwa kuondoa viendelezi usivyovitumia, kisha uweke kimoja kinachostahili nafasi yake, yaani kizuizi cha matangazo; kwenye Firefox mimi hutumia uBlock Origin. Kizuizi chenyewe hula kumbukumbu kiasi, lakini huzuia hati nyingi za matangazo na ufuatiliaji zisipakiwe kabisa, na kwenye kurasa zilizojaa matangazo faida yake ni kubwa kuliko gharama. Kisha, kwenye mipangilio ya Chrome, ingia sehemu ya Performance na uwashe Memory Saver, ambayo huviondoa kwenye RAM vichupo vilivyokaa bila kutumika na kuvipakia upya unapovirudia. Firefox hufanya jambo hilo yenyewe kumbukumbu inapopungua, na ukiandika about:unloads unaweza kuliamuru wakati wowote.

Kuna tahadhari moja: kichupo kilichoondolewa kwa njia hii hupakiwa upya kutoka intaneti, na fomu uliyoijaza nusu inaweza kupotea. Kurasa kama hizo ziwekwe kwenye orodha ya zisizoguswa. Na yule mwenye vichupo arobaini anavyovifungua ili asivisahau, ajue kwamba alamisho hufanya kazi hiyo bila kutumia RAM hata kidogo.

Hatua ya 3: Punguza kinachoanza pamoja na mfumo

Kwenye Windows, dirisha lile lile la Ctrl+Shift+Esc lina sehemu ya Startup. Zima kila usichokihitaji mashine inapowaka, hasa programu za mikutano, za michezo na za kusawazisha mafaili. Antivirusi iache. Kwenye Linux, tafuta orodha ya programu za kuanza katika mipangilio ya eneokazi. Hatua hii humalizika kwa dakika tano.

Nikiwa hapo hapo, niseme neno kuhusu programu zinazojinadi kusafisha RAM. Nyingi huufanya mfumo uzinyang'anye programu nyingine kumbukumbu zake, na namba kwenye skrini hupungua vizuri sana. Kisha, unapoirudia programu uliyokuwa unaitumia, data yake hulazimika kurudishwa kutoka diskini. Programu hizo huzalisha tatizo lile lile zinalodai kulitibu. Ziondoe.

Hatua ya 4: Chagua mfumo unaolingana na mashine

Windows 11 hutaka angalau RAM ya GB 4, na hicho ni kiwango cha kuuwezesha kusimama, si kufanya kazi kwa raha. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kubaki nayo kwenye mashine inayoingia mtandaoni kunazidi kuwa hatari kadiri muda unavyopita. Kwa laptopi ya GB 4 ambayo mwenyewe halazimiki kutumia programu za Windows peke yake, ushauri wangu ni Linux yenye eneokazi jepesi: Linux Mint ya Xfce kwa anayetoka Windows, au Lubuntu, inayotumia LXQt, kwa mashine iliyo dhaifu zaidi. Zote mbili zinaweza kujaribiwa kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski, nawe uhakikishe kwamba Wi-Fi, sauti na kamera vinafanya kazi kabla hujasakinisha. Tarajia tu kwamba zitakuwa nzito kiasi zikiendeshwa kutoka kwenye fleshi. Eneokazi jepesi haliufanyi ukurasa wa intaneti kuwa mwepesi. Linachofanya ni kukuachia nafasi ya ziada kabla RAM haijajaa.

Hatua ya 5: Andaa mahali pa ziada kwenda

Zamani niliwahi kuzima swapu kabisa kwenye mashine ya GB 2, nikiamini kwamba pasipokuwa na swapu hapatakuwa na kukwama. Ilikwama vibaya zaidi. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ilipokosa mahali pa kuhamishia data, ilianza kutupa msimbo wa programu zenyewe kwa kuwa ungeweza kusomwa upya kutoka diskini, kisha ikausoma, ikautupa, ikausoma tena, mpaka nikashikilia kitufe cha kuzimia na kupoteza kazi ya asubuhi nzima. Tangu siku hiyo sizimi swapu, wala sishauri mtu azime faili la Windows lifanyalo kazi hiyo, liachwe lijisimamie.

Njia iliyo bora ni kuibana data ndani ya RAM yenyewe. Windows 10 na 11 hufanya hivyo bila kuambiwa. Kwenye Linux kazi hiyo hufanywa na zram, ambayo hutengeneza swapu iliyobanwa ndani ya RAM. Kutegemea aina ya data, MB 300 mara nyingi hukaa katika nafasi ya MB 100 hadi 150. Prosesa hulipa gharama kidogo ya kubana na kubanua, lakini hata prosesa dhaifu huimaliza kazi hiyo haraka kuliko diski yoyote ya sahani. Kwenye Debian na jamaa zake, zikiwemo Mint na Lubuntu, fanya hivi:

sudo apt install zram-tools

Fungua faili la /etc/default/zramswap kwa haki za msimamizi, uandike mistari ifuatayo:

ALGO=zstd
PERCENT=50

Kisha uwashe upya huduma na uthibitishe:

sudo systemctl restart zramswap
zramctl

Asilimia 50 inahusu data kabla haijabanwa, kwa hiyo usidhani kwamba nusu ya RAM imechukuliwa papo hapo. Baada ya saa moja ya kazi, rudia amri ya zramctl na ulinganishe safu ya DATA na ile ya COMPR ili uone ubanaji halisi kwenye mashine yako. Iwapo kerneli ni ya toleo la 5.8 au jipya zaidi, tengeneza faili la /etc/sysctl.d/99-zram.conf lenye mistari miwili:

vm.swappiness=150
vm.page-cluster=0

Mstari wa kwanza huiambia kerneli kwamba kuhamishia data kwenye zram ni rahisi kuliko kutupa mafaili yaliyohifadhiwa. Wa pili huizuia isirudishe vipande vingi kwa mkupuo, desturi iliyofaa enzi za diski za sahani. Amri ya sudo sysctl --system hutumia mabadiliko hayo papo hapo. Bakiza pia swapu ndogo ya kawaida kwenye diski, yenye kipaumbele cha chini, na usakinishe earlyoom, ambayo huifunga programu inayokula zaidi pale RAM na swapu zote zinapobakiwa na chini ya asilimia 10. Kupoteza kichupo kimoja ni afadhali kuliko kuzima mashine kwa nguvu.

Hatua ya 6: Fungua kifuniko, kama kunafaa

Tafuta kwanza mwongozo wa modeli yako, kwa sababu laptopi nyingi za bei ya chini zina RAM iliyochomelewa kwenye bodi na hifadhi ya eMMC, nayo imechomelewa kwenye bodi, isiyobadilishika; hizo zitaishia kwenye hatua ya tano. Iwapo kuna nafasi ya RAM, soma aina yake, kwenye Linux, kwa sudo dmidecode -t memory. Usichanganye DDR3 ya volti 1.5 na DDR3L ya volti 1.35: zinatoshea kwenye tundu moja, lakini bodi iliyoundwa kwa DDR3L peke yake haitakiwi kupewa ile ya kwanza. Zima mashine, chomoa chaja na betri, gusa kitu cha chuma kilichounganishwa na ardhi, ndipo uguse moduli.

Ukilazimika kuchagua kimoja kati ya RAM na SSD (diski ya kasi isiyo na sahani), na laptopi ina diski ya sahani na GB 4, mimi huanza na SSD. Huharakisha uwashaji na ufunguaji wa programu, na pia huifanya ile swapu iliyobaki diskini ivumilike. Kwa mashine ya GB 2 huanza na RAM. Baada ya kufunga kifaa, rudia vipimo vya hatua ya kwanza kwa kazi zile zile, na kama umeongeza RAM lakini free -h inaonyesha pungufu kwa MB mia kadhaa, chunguza kwenye mipangilio ya BIOS (programu ya msingi inayoiwasha mashine) ni kiasi gani kimetengewa michoro kabla hujaidhania moduli kuwa mbovu.