Kupima na kupanga vali za kwadi ya spoti mwenyewe

Kwadi ya spoti, yaani pikipiki ya magurudumu manne ya mbio, inayowaka vizuri asubuhi lakini inasumbua ikishapata moto, hasa ukiizima katikati ya safari, mara nyingi husingiziwa kabureta au plagi. Kwenye injini zinazozunguka kwa kasi kubwa, kama za Yamaha YFZ450R na Honda TRX450R, anza na vali. Uso wa vali na kiti chake vikilika, vali huzama zaidi ndani ya silinda hedi, shina lake husogea kuelekea kemshafti, yaani mhimili unaozibonyeza vali zifunguke, na nafasi iliyokuwa katikati hupungua. Nafasi ikiisha, vali haifungi sawasawa. Kompresheni, yaani mkandamizo wa hewa ndani ya silinda, inavuja, na kwa kuwa vali hupoa kwa kugusa kiti chake, joto linakosa pa kwenda mpaka vali inaungua.

Ndiyo maana injini iliyozoea kutoa mlio mdogo wa tik-tik kisha ikanyamaza isikufurahishe. Mlio wa vali iliyolegea kidogo hauui injini. Vali iliyobana inaiua kimyakimya.

Hakikisha kwanza injini yako ni ya aina gani. Yamaha Raptor 700 hupangwa kwa skrubu na nati ya kufungia: unalegeza nati, unazungusha skrubu, unakaza, kisha unapima tena, kwa sababu kukaza nati hubadilisha kipimo. Hiyo ni kazi nyepesi. YFZ450R na Suzuki LT-Z400 hutumia shimu, yaani kisahani kidogo cha chuma kigumu kinachokaa juu ya shina la vali, chini ya kikombe kinachobonyezwa na kemshafti. Hapo kubadilisha nafasi maana yake ni kutoa kemshafti. TRX450R ina kemshafti moja tu, na vali zake za kutolea moshi huendeshwa na roka, yaani mkono mdogo unaobembea kati ya kemshafti na vali, kwa hiyo mpangilio wake ni tofauti kidogo.

Vipimo hutolewa injini ikiwa baridi kabisa. Iache ilale usiku mzima. Kwenye YFZ450R, vali za kuingiza hutakiwa ziwe na nafasi ya mm 0.10 hadi 0.15, na za kutolea moshi mm 0.20 hadi 0.25. LT-Z400 ni mm 0.10 hadi 0.20 na mm 0.20 hadi 0.30. Raptor 700 ni mm 0.09 hadi 0.13 na mm 0.16 hadi 0.20. Za kutolea moshi hupewa nafasi kubwa zaidi kwa sababu hupata moto mwingi na kurefuka zaidi. Kwa injini nyingine yoyote, tumia namba za kitabu chake, si za jirani yake.

Andaa fila geji, yaani kipimo cha nafasi ndogo chenye vibamba vyembamba vinavyopandana kwa tofauti ndogo, spana ya torki inayosoma vizuri chini ya Nm 15, mikromita ya kupimia unene, kijiti chenye sumaku, waya na matambara safi. Osha kwadi kabla ya kufungua chochote. Toa siti, plastiki na tangi, kisha puliza hewa kuzunguka plagi kabla ya kuing'oa, maana mchanga uliojificha pale utaanguka moja kwa moja juu ya pistoni. Plagi ikitoka, injini itazunguka kwa mkono bila kupigana na kompresheni.

Fungua kava la vali na vifuniko vya kukagulia ubavuni mwa injini, kisha zungusha krenki, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, kuelekea upande ambao injini huzunguka yenyewe. Kuirudisha nyuma kunaweza kulegeza cheni ya taimingi na kukuharibia kipimo. Simama alama ya flaiwili, gurudumu zito la krenki, inapolingana na alama ya kwenye tundu la kukagulia, pistoni ikiwa juu kabisa mwisho wa mkandamizo. Kwenye injini nyingi za kemshafti mbili, pua za kemshafti, yaani sehemu zilizochomoza, hapo huwa zimeelekea nje, zikipeana mgongo. Zikiwa zinabonyeza vikombe, zungusha duara moja zima.

Sasa pima. Ingiza kibamba kikiwa kimelala sawasawa, kisipinde. Kinachofaa hupita kwa kukwaruza kidogo tu. Kama cha 0.10 kinapita na cha 0.13 kinakataa, jibu liko katikati, na uliandike hivyo. Vali ya kati ya kuingiza kwenye YFZ450R haifikiki kirahisi, na kibamba kilichokunjwa ncha husaidia. Chora vali zote kwenye karatasi na uandike kila namba mahali pake.

Zikiwa zote ndani ya kipimo, funga. Usifungue kemshafti kwa udadisi.

Ikibidi kubadilisha, toa kwanza tenshena, kifaa kinachokaza cheni, kisha legeza bolti za vishikilio vya kemshafti kidogo kidogo kwa kupishana. Ziba tundu la cheni kwa tambara kabla ya kunyanyua kishikilio chochote: pini na klipu ndogo hupenda kudondokea humo, na kuzitoa huweza kukulazimu kufungua injini upande. Funga cheni kwa waya isizame. Nyanyua kikombe kwa sumaku na uangalie kama shimu imenata chini yake. Kila kikombe kirudi kwenye shimo lake.

Namba iliyoandikwa kwenye shimu, mfano 185, ni unene wa mm 1.85 ilipokuwa mpya, kwa hiyo ipime kwa mikromita. Hesabu yenyewe: unene wa shimu ya zamani, jumlisha nafasi uliyopima, toa nafasi unayotaka. Ukipima 0.05 penye shimu ya 1.85 na unataka 0.13, jibu ni 1.77. Shimu nyingi huuzwa kwa hatua za mm 0.05. Ya 1.80 itakupa 0.10 na ya 1.75 itakupa 0.15. Zote ziko ndani, lakini chagua 1.75, kwa sababu nafasi itaendelea kupungua.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: vali ileile ikidai shimu nyembamba kila baada ya muda mfupi, shimu siyo dawa. Vali za titani zina ngozi ngumu nyembamba juu. Ikishatoboka, chuma laini cha ndani huliwa upesi sana. Hizo hubadilishwa, na viti vyao vikatwe upya. Usizisage kwa paste ya kusagia vali, utaondoa ngozi hiyohiyo. Kisha kagua ea klina, maana vumbi lililopenya ndilo husaga vali za kuingiza.

Wakati wa kurudisha, paka kemshafti mafuta, linganisha alama zote, kisha kaza bolti kwa kupishana. Zile za mm 6 kwa kawaida ni kama Nm 10, na nyuzi za alumini hung'oka ukizidisha. Rudisha tenshena, zungusha krenki kwa mkono duara mbili au zaidi, na uangalie alama tena. Ikigoma njiani, usilazimishe: huenda vali imegusa pistoni kwa sababu cheni imeruka jino. Pima nafasi zote upya kabla ya kufunga kava, na andika saa za injini pamoja na unene wa kila shimu kwenye karatasi utakayoitumia safari ijayo.