Picha ya WebP inavyoweza kuingilia kompyuta na simu yako, na namna ya kujikinga

Wakuu, wengi wetu tumefundishwa usibonyeze link usiyoijua, na ni ushauri mzuri, ila kuna mashambulizi ambayo hayasubiri ubonyeze kitu, ukurasa ukifunguka na picha ikaanza kujichora kwenye skrini basi yameshapita. Mfano mkubwa ni ile hitilafu ya Septemba 2023 inayoitwa CVE-2023-4863 (CVE ni orodha ya kimataifa ya hitilafu za usalama, kila moja na namba yake), na naiandikia leo kwa sababu bado nakutana na kompyuta za ofisini na simu za watu ambazo hazijawahi kupata dawa yake, alafu ukishaielewa hii moja umeelewa nyingi zinazofanana nayo.

Ilikuwa hivi. Tarehe 6 mwezi ule timu ya usalama ya Apple pamoja na Citizen Lab, wale watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto kule Kanada, waliripoti kwa Google tatizo ndani ya libwebp, ambayo ni msimbo unaofungua picha za WebP, zile ambazo ukisevu kutoka mtandaoni unashangaa zinaishia na .webp badala ya .jpg. Google walizitangaza 2010, ni nyepesi zinaokoa bando, kwahiyo tovuti nyingi zikazikubali. Tarehe 11 Chrome iliyotibiwa ikatoka, na Google wakasema wazi kwamba tayari kuna watu wanaitumia hitilafu hiyo kushambulia. Kesho yake Mozilla nao wakatoa Firefox 117.0.1. Na tarehe 7 Apple walikuwa wameshatoa iOS 16.6.1 kuziba tundu lililoitwa BLASTPASS, lililokuwa linapenyeza Pegasus, programu ya ujasusi ya kampuni ya NSO Group, kwenye iPhone kupitia iMessage bila mwenye simu kugusa chochote, na watafiti wengi wanaamini ugonjwa wenyewe ni ule ule mmoja.

Sasa memori inaharibiwaje na picha? Chukulia fremu za maduka zilizojengwa mstari mmoja, ukuta kwa ukuta. Programu ikitaka kufungua picha inapanga fremu ya ukubwa fulani na kuweka mzigo wake humo. Fremu inayofuata ina mpangaji mwingine, na mezani kwake kuna daftari limeandikwa mzigo ukifika upelekwe kwa fulani. Lugha ya C, ambayo ndo imeandikiwa libwebp, haina mlinzi wa kuangalia kama mzigo umevuka ukuta, ukizidi unamwagika tu kwa jirani na kuandika juu ya daftari lake. Bahati mbaya ikitokea hivyo kwa ajali brauza inajifunga tu yenyewe, lakini mtu aliyekusudia anapanga mzigo wake vizuri ili pale palipoandikwa fulani pasomeke jina lake, na kuanzia hapo brauza inatekeleza maagizo ya mtu mwingine kabisa.

Kwenye libwebp ukuta ulivukwa hivi, na hapa naomba uende nami taratibu. WebP isiyopoteza ubora inabana picha kwa mbinu ya Huffman, yaani thamani inayojirudia sana inapewa alama fupi na ya nadra inapewa ndefu. Ili isome haraka libwebp inajenga majedwali ya kutafutia hizo alama, na nafasi inakatwa mapema: kwa picha isiyotumia kashe ya rangi (kumbukumbu ndogo ya rangi zilizotumika karibuni), kijani kina nafasi 654, nyekundu, bluu na uwazi 630 kila moja, umbali (wa kurudi nyuma kunakili kipande kilichopita) 410. Jumlisha unapata 2954, kila moja baiti 4. Hesabu yenyewe haikuwa na kosa, ila ilikuwa na sharti, kwamba mti wa hizo alama, yaani mpangilio wa matawi unaoonyesha kila alama ni ya thamani gani, umekamilika kihalali. Na libwebp ilikuwa inajaza jedwali kwanza, kukagua kama mti umekamilika inakuja mwishoni. Basi ukiileta picha yenye mti pungufu uliotengenezwa kwa makusudi, inajaza nafasi zote 2954 na kuendelea kuandika mbele, na ukaguzi unapofika kusema mti huu haufai mzigo umeshamwagika kwa jirani zamani. Dawa iliyokuja kwenye libwebp 1.3.2 ni kupima kwanza ndo uandike. Mpangilio tu wa kazi mbili, na dunia nzima ikakimbizana kuapdeti.

Tuanze kutibu. Kwenye kompyuta fungua Chrome, andika chrome://settings/help sehemu ya anwani, subiri, yenyewe itatafuta apdeti. Namba unayotakiwa kuifikia au kuipita ni 116.0.5845.187. Kuna watu wanakosea kuisoma hiyo namba, unalinganisha kipande kwa kipande kutoka kushoto na kila kipande ni namba kamili, kwahiyo 116.0.5845.96 ni ya zamani kuliko .187 hata kama 9 inaonekana kubwa kuliko 1, na yoyote inayoanza na 117 kwenda juu iko salama kwa hitilafu hii. Edge, Brave na Opera zimejengwa juu ya Chromium, msimbo ule ule ambao Chrome imejengwa juu yake, ila kila moja ina apdeti yake, usidhani kutibu Chrome kumezitibu. Firefox unaingia kwenye menyu ya msaada, kuhusu Firefox.

Alafu hapa ndo watu wengi wanaangukia: apdeti ikishapakuliwa haijafanya kazi mpaka brauza ifungwe na kufunguliwa upya. Dada mmoja ana steshenari, nilienda kuchapa karatasi nikaona juu kulia Chrome imeweka alama ya kuomba ifunguliwe upya, nikamuuliza akasema ipo siku nyingi lakini akifunga anaogopa kupoteza tabu za wateja. Dawa ilikuwa imeshashuka kwenye diski, bando limeshaliwa, ila programu inayotembea kwenye memori ni ile ile ya zamani yenye tundu. Tulibonyeza kile kitufe cha kuifungua upya, tabu zake zote zikarudi, kazi ikaendelea.

Kwenye simu ya Android ingia Play Store utafute vitu viwili, Chrome na Android System WebView. Hii ya pili wengi hawaijui na ni muhimu sana, ndo brauza iliyojificha ndani ya app zingine, ukifungua habari au link bila kutoka kwenye app mara nyingi ni yenyewe inayochora ukurasa. Kama simu yako umeiwekea iapdeti kwa Wi-Fi tu na nyumbani huna Wi-Fi, ujue haiapdeti kabisa, kwahiyo jiwekee siku ununue bando la bei nafuu uziapdeti hizo mbili kwa mkono, zingine zinaweza kusubiri. iPhone nenda mpangilio wa jumla, sasisho la programu, na kama wewe ni mwandishi wa habari, mwanasheria au mtetezi wa haki washa Lockdown Mode, ile hali ya ulinzi mkali ya iPhone, Citizen Lab walieleza kwamba Apple waliwathibitishia inalizuia shambulizi lile la BLASTPASS.

Bado kuna app za kompyuta zilizojengwa kwa Electron, yaani zana ya kutengeneza app kwa kutumia brauza ndani yake, mfano Slack, Discord na Signal ya kompyuta. Kila moja imebeba Chromium yake tumboni, kwahiyo zilihitaji dawa zake zenyewe. Ziapdeti moja moja na uzifunge kabisa, sio kuziacha pale chini karibu na saa.

Kwa wanaotengeneza mifumo: kama seva yako inapokea picha za watu na kuzipunguza ukubwa, hilo ni tundu lako na halihusiani na brauza ya mteja. Pillow (maktaba ya picha ya Python) inatakiwa iwe 10.0.1 au zaidi, sharp (ya Node.js) 0.32.6 au zaidi. Kwenye Linux apdeti libwebp alafu ristati huduma zinazoitumia, na kama una kontena zijenge upya kwa sababu zimebeba nakala zao. Usishtuke ukiona Debian inaonyesha namba ya chini ya 1.3.2, wao wanashonea kiraka kwenye toleo la zamani, angalia mkia wa namba na tangazo lao la usalama. Na skana ikikutajia CVE-2023-5129 ni hii hii, iliandikishwa mara ya pili ikafutwa.

Kama mashine haiwezi kupanda, mfano Windows 7 ambayo Chrome iliishia 109, tumia Firefox ESR 115 (ESR ni toleo linalohudumiwa muda mrefu), dawa yake ilianzia 115.2.1. Kwa dharura Firefox inakuruhusu kuzima WebP, andika about:config, tafuta image.webp.enabled uiweke false, baadhi ya picha hazitaonekana ila uko salama wakati unatafuta apdeti. Simu ya Android 7 haipokei Chrome mpya tangu toleo la 120, kwahiyo mambo ya benki na pesa za simu yahamishie kwenye simu nyingine kama inawezekana.

Na kitu kimoja kwa wale wanaoweka --no-sandbox kwenye njia ya mkato ya Chrome ili iache kuleta eror: itoeni. Chrome inafungulia kurasa kwenye chumba kilichofungwa, hata mshambuliaji akishika brauza kupitia picha bado anahitaji tundu la pili ili atoke humo afike kwenye mafaili yako. Ukiweka hilo neno umemtolea mlango wenyewe. Bonyeza kulia kwenye ikoni, fungua sifa zake, futa hilo neno, sevu, alafu rudi chrome://settings/help uhakikishe namba.